Nthele: Mtu Mzima Asiyetimia katika Lugha na Maandishi ya Ukambani

Kikamba kina neno ambalo Kiswahili hakijapata la kulilipa. Neno hilo ni nthele. Nthele ni mwanamume aliyekwisha kupita jandoni, akaoa, akazaa, akajenga. Ana watoto wanaomwamkia na shamba linalojulikana kuwa lake. Hata hivyo si mzee. Penye shauri la ukoo husikiliza zaidi ya kunena, na penye sadaka ya mvua hakaribii mahali wanapochinjia wakubwa. Kwa vijana yeye amekwisha kuwa mtu. Kwa wazee yu njiani. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyekaa Ukambani mwaka 1911 na 1912 na kuchapisha kitabu chake kikubwa juu ya Wakamba mwaka 1916, alilieleza daraja hili baina ya mwanake, yaani kijana, na mutumia, yaani mzee. Wengi waliomfuata wamepita hapo kwa haraka. Haraka hiyo ina hasara, kwa kuwa nthele ndiye mtu ambaye sehemu kubwa ya fasihi ya Ukambani, na pengine ya Afrika Mashariki nzima, imekuwa ikimsimulia bila ya kumtaja jina.

Hali inayohusika ni ya kawaida mno, hata yaweza kuonekana haistahili kurasa za jarida la chuo. Mtu amefika miaka hamsini, amesomesha watoto, amezika wazazi, lakini linapotokea jambo zito moyo wake hugeuka nyuma kumtafuta mtu mzima aje aliamue. Wenzake humwona mkubwa. Yeye peke yake ndiye ajuaye kwamba bado. Katika uhakiki wa riwaya hali hii huitwa kutokomaa, na mashtaka yake hupelekwa mahali pale pale kila mara: skuli ilimtoa mtoto jandoni, ukoloni ukayavunja marika, mji ukammeza kijana kabla hajafundwa. Ulikuwapo wakati, hoja huendelea, ambapo mtu aliingia porini mtoto akatoka mtu mzima, na jambo likaisha. Hoja hii inapendeza, na imewafaa sana waandishi wa tasnifu. Kasoro yake ni kwamba ushahidi wa Ukambani hauikubali.

Yatosha kuutazama mfano wa Matinyani. Matinyani iko magharibi ya mji wa Kitui, nayo leo ni kata katika jimbo la uchaguzi la Kitui Magharibi. Ni nchi ya vilima na matuta ya kuzuia udongo, ya kunde, mbaazi na mahindi yanayotegemea mvua za Oktoba hadi Desemba kuliko zile za Machi. Wanaume wake, kizazi baada ya kizazi, wamekwenda Nairobi na Mombasa kutafuta kazi na kurudi kwa Krismasi. Wanawake wake husuka vyondo vya katani na kuendesha miji ya waume wasiokuwapo. Si mahali palipojificha ili wasomi waje kukuta mambo ya kale yakiwa mazima. Ndiyo sababu panafaa: hapo yaliyopita na yaliyopo yanasemwa katika sentensi moja.

Katika Kiswahili kisemwacho huko, kama katika bara ya Kenya kwa jumla, neno kijana lina kazi mbili. Ni mtu wa umri wa ujana, tena ni mwana wa kiume wa mtu fulani. Hivyo mwanamume wa miaka hamsini na mitano, mwenye mvi na wajukuu, huweza kutambulishwa sokoni kwamba ni kijana wa mzee fulani, wala hakuna anayecheka. Maana ile ya pili haimwachi mtu mpaka baba afe, na pengine haimwachi hata hapo. Desturi ya majina nayo huzidisha jambo. Mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, na kwa sababu hiyo baba aweza kumwita mtoto wake baba, nusu kwa heshima, nusu kwa mzaha. Mwanamume aliyetazamia kwamba kuzaa kutamtoa utotoni hujikuta amempakata baba yake. Na jina lake mwenyewe la utu uzima si lake: ataitwa Baba Fulani, kwa jina la huyo aliyempakata. Yule aliyemzaa ndiye amzaaye tena mbele ya majirani.

Kiswahili Sanifu nacho kina siri yake katika jambo hili, na wanaisimu wangeweza kuisema kwa sauti kubwa zaidi kuliko walivyofanya. Usemi wake ni mtu mzima. Neno mzima hubeba kutokuvunjika, afya, uhai na ukamilifu kwa pamoja: chungu kizima, mgonjwa aliyeamka mzima, siku nzima. Hapana lugha iliyoahidi makubwa zaidi kwa maneno mawili. Anayeambiwa kwamba sasa ni mtu mzima huambiwa kwamba hakuna kilichopungua. Akijipima na kuona kimepungua, hudhani kosa ni lake, kumbe huenda ni la kivumishi.

Tena yafaa kutazama ngeli. Kijana, kitoto na kigoli viko katika ki-. Kizee, kikongwe na kibogoyo viko huko huko. Ni kweli kwamba ki- ina shughuli nyingine nyingi, na hakuna haja ya kuifanya ishara ya kila kitu. Ni kweli pia kwamba upatanisho hufuata uhai, ndipo husemwa kijana amekuja na kikongwe amelala. Lakini umbo la jina linasema lake: Mswahili huanza safari katika ki-, huingia m- kwa muda, kisha uzee humrudisha alikotoka. Kikamba hufanya hivyo kwa ka-: kaana ni mtoto mdogo, kavisi ni mvulana, kisha mtu huvuka na kuwa mwanake, na akijaliwa, mutumia. Mutumia wa Kikamba ni mzee mwanamume. Mutumia wa Kigikuyu, lugha ya jirani na ndugu, ni mwanamke aliyeolewa. Lugha mbili za damu moja zimempa jina lile lile mtu asiyekuwa yule yule. Huenda jina lilihusu kwanza heshima, na kila upande ukaamua baadaye heshima hiyo ikalie wapi.

Mwandishi aliyefanya zaidi ya wote kueneza picha ya Mkamba anayekua ni John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, upande wa pili wa mji wa Kitui, mwaka 1931, aliyefariki mwaka 2019. Kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika, kilichotoka mwaka 1969, kimesomwa katika vyuo vya dunia nzima. Ndani yake mna mambo matatu yanayohusu utu uzima, na Mbiti ameyaweka katika milango mbalimbali, pengine ndiyo maana hayajagongana. La kwanza ni jando. Mbiti anaieleza nzaiko, ile ndogo na ile kubwa, kuwa daraja la kutoka utotoni kwenda utu uzimani. Asiyeivuka, awe na umri gani, hudharauliwa kama mtoto. La pili ni ndoa na uzazi: asiyeoa na kuzaa amejitenga na mkondo wa ubinadamu, na utu wake una upungufu. La tatu ni wakati. Kwa kuchambua nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, Mbiti alidai kwamba Mwafrika wa jadi hana wakati ujao mrefu. Upeo wake hauzidi miaka miwili hivi, na maisha yote huelekea nyuma, kutoka Sasa kwenda Zamani. Majina hayo mawili aliyachukua katika Kiswahili.

Dai hili la tatu limepingwa na wengi, akiwemo Kwame Gyekye wa Ghana aliyeleta ushahidi wa Kiakan. Lakini hapana haja ya kwenda Ghana. Ngazi ya wazee wa Ukambani yenyewe inatosha. Nthele hakuwa mzee kwa kuota mvi. Alilipa. Alitoa mbuzi na pombe wakala na kunywa waliomtangulia, akaingizwa daraja la kwanza la uzee, lile la kisuka. Baada ya miaka akatoa tena, akaingia nzama, baraza la kuamua kesi. Na mwisho kabisa, nguvu za mwili zikiwa zimekwisha kupungua, akahesabiwa miongoni mwa wazee wa ithembo, mahali pa sadaka. Safari hiyo ilichukua miaka thelathini, arobaini. Mtu aliyekuwa akikuza mifugo kwa ajili yake aliutazama wakati ujao kila alipohesabu mbuzi jioni, hata kama kitenzi chake hakikuwa na umbo la kuutaja. Mbiti alitafuta wakati ujao katika sarufi; ulikuwa zizini.

Kosa hilo la wakati ndilo lililozaa kosa la pili, lile la kuliona jando kuwa mstari mmoja wa kuvuka. Kama mbele hakuna marefu, basi ni lazima utu uzima upatikane mara moja, hapa, kwa siku chache za nzaiko. Lakini ukiyasoma maelezo ya Mbiti mwenyewe kwa mfululizo, yanakataa. Mtoto mchanga, kabla ya kupewa jina siku ya tatu, bado ni wa upande wa mizimu, hajawa mtu. Akitahiriwa mara ya kwanza hajafundwa. Huja nzaiko ya pili. Akimaliza ya pili hajaoa. Akioa hajazaa. Akizaa ni nthele. Akilipa, bado yuko mzee juu yake. Na akifa, Mbiti huyo huyo anaeleza kwamba huendelea kuwa marehemu aliye hai kwa muda wote ambao kuna anayemkumbuka kwa jina, kabla ya kuzama Zamani. Ni wapi basi alipokuwa mzima? Neno imekwisha halikusemwa popote katika mlolongo huu. Mkamba wa jadi hakuvuka kutoka kupungua kwenda kutimia. Alivuka kutoka kupungua kwa aina moja kwenda kupungua kwa aina nyingine, na kila mara wapo waliokuwa tayari kumwambia ni nini kilichobaki na ni mbuzi wangapi.

Hapo ndipo penye kiini cha shauri. Hisia ya kutokuwa mtu mzima haikuletwa na skuli. Ilikuwako, tena ilikuwa na jina, na mahali pa kukaa kwenye thome, ule uwanja wa moto ambako wanaume hukaa nje ya mji. Nthele aliyejiona hajafika hakuwa na ugonjwa wa nafsi. Alikuwa anasema kweli, na kila mtu alijua. Tofauti ni kwamba alijua pia anamdai nani na anadaiwa na nani. Alijulishwa utu uzima wake na watu wenye majina, na nyama ikishaliwa, waliokula hawakuweza tena kumkana.

Yafaa lakini kuepuka kuipamba ngazi hii. Ilikuwa ngazi ya mali. Asiye na mbuzi alibaki nthele mpaka kaburini, akaamuliwa kesi na watu wa rika lake waliojaliwa mifugo. Wazee walikuwa na faida katika kuwachelewesha wadogo, kwa kuwa walioingia wote walikuja kula pamoja nao. Wapo waandishi wanaouita mpango huu hekima ya wahenga bila ya kuuliza nani aliyeshiba. Ukiuliza, utaelewa vilevile kwa nini amri ya serikali ya kikoloni ya kupunguza ng'ombe Machakos mwaka 1938 iliwaumiza watu kupita hesabu ya maziwa na nyama. Maelfu waliomfuata Muindi Mbingu kwenda Nairobi kudai mifugo yao wamekwisha kuelezwa kuwa ni wafugaji waliotetea uchumi wao, na ndivyo walivyokuwa. Lakini ng'ombe wakinyang'anywa katika nchi ambayo mtu hununua ukubwa wake kwa mifugo, waume wazima hurudishwa nyuma kwa kalamu ya karani. Muindi Mbingu alikamatwa, akapelekwa Lamu.

Kalamu hiyo ilikuwa na njia yake ya kupima umri. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi kuchukua kipande. Hadi leo wapo Wakenya wanaokiita kitambulisho kwa jina hilo. Kwa karatasi ile serikali ilikiri kwamba huyu si mtoto tena, kwani mtoto hatozwi kodi. Lakini alipoingia nayo katika nyumba ya mwajiri, aliitwa boi, na aliitwa hivyo akiwa na miaka ishirini na akiwa na miaka sitini. Karatasi moja ikamfanya mtu mzima mbele ya mtoza kodi na mvulana mbele ya mtu wa jikoni. Kiswahili, kwa ukarimu wake wa kawaida, kililipokea neno boi na kulipa nafasi kamusini. Wanawake wa Kenya hawakupewa hata utata huo: walianza kuandikishwa kwa vitambulisho baada ya sheria kurekebishwa mwaka 1978, miaka minne baada ya sheria nyingine, ya mwaka 1974, kutamka kwamba mtu hufikia utu uzima akitimiza miaka 18. Na Katiba ya mwaka 2010 ikamwita kijana kila aliye na miaka 18 ambaye hajafika 35. Kwa hesabu hiyo mtu huwa mzima na kijana kwa wakati mmoja kwa muda wa miaka kumi na saba. Wanasheria huona mgongano hapo. Mzee wa thome angeona maelezo sahihi kabisa ya nthele.

Ukiyasoma maandishi ya David Maillu kwa jicho hili, yanabadilika sura. Maillu ni mwana wa Ukambani, aliyezaliwa mwaka 1939, na vitabu vyake vidogo vya miaka ya 1970 viliuzwa sana mjini na kulaaniwa sana chuoni. My Dear Bottle, cha mwaka 1973, ni maneno marefu ya mlevi anayesema na chupa yake. Unfit for Human Consumption, cha mwaka huo huo, kina Jonathan Kinama, mfanyakazi wa Nairobi mwenye mke na watoto kijijini, ambaye mshahara wake huishia katika pombe na wanawake mpaka anajiua. Wahakiki wa wakati ule waliona ponografia, na baadhi ya waliokuja baadaye wakaona huzuni ya mfanyakazi katika mji wa kibepari. Wote waliwaona wanaume hawa kuwa watoto wakubwa.

Lakini pombe ni nini katika nchi waliyotoka? Uki, pombe ya Wakamba, ilikuwa kinywaji cha wazee. Mwanake hakuruhusiwa kuinywa. Nthele aliipeleka kwa waliomzidi kabla ya kupata haki ya kukaa nayo. Kunywa kulikuwa dalili iliyo wazi kuliko zote kwamba mtu amefika. Mlevi wa Maillu basi hafanyi jambo la kitoto. Ananyakua haki ya uzee pasipo kulipa, mahali pasipo na mzee wa kulipwa. Ameketi baa kama ambavyo babu yake angeketi thome, ana kipato, ana mke na watoto, ana kila kilichohitajika, ila waliokuwa watie mhuri hawapo. Ndiyo maana analazimika kusema na chupa: hapana mwingine mezani aliye mkubwa wake. Na kwa kuwa chupa haiwezi kula mbuzi, haiwezi pia kumwambia kwamba yatosha. Lazima anywe tena kesho. Katika kusoma huku, matusi na mizaha ya Maillu haipungui, wala kitabu hakigeuki kuwa bora kuliko kilivyo. Mistari yake mingi ni ya haraka, na mwandishi alijua haraka inauza. Lakini kilio chake kinasikika kinatoka wapi. Jonathan Kinama naye si mtu aliyekataa kukua. Amekwama darajani, na daraja limeondolewa upande wa pili.

Riwaya ya Kiswahili ilifika mahali hapa mwaka mmoja baadaye, kutoka nchi nyingine. Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1974, hakina Mkamba hata mmoja; ni kitabu cha Ukerewe na Dar es Salaam. Kinaletwa hapa kwa sababu ndicho kilichozoewa zaidi na wasomaji wa Kiswahili kila inapotajwa habari ya msomi asiyekomaa. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, tunamkuta mwanzoni akingoja ofisini kwa Manase, rafiki wa utoto ambaye sasa ni mkuu wa wilaya. Imeandikwa mara nyingi juu ya falsafa ya Kazimoto, juu ya kutokuamini kwake na kujiua kwake, na majina ya wanafalsafa wa Ulaya yamemiminwa hapo bila ya hesabu. Haijatazamwa vya kutosha kwamba riwaya huanza kwa kungoja. Kazimoto anangoja mtu wa rika lake amwite ndani. Wazee wa Kerebe hawana la kumpa, kwa kuwa hawakwenda alikokwenda; na aliyekwenda pamoja naye ameketi nyuma ya meza. Huyo Manase, aliyekwishapewa ukubwa na serikali, ndiye aharibuye kila kitu, kuanzia na Rukia, dada yake Kazimoto. Ofisi ilimpa kiti bila ya kumdai chochote. Basi katika riwaya hii wapo wawili wasiokomaa, na uhakiki umemshughulikia mmoja tu, yule mwenye mawazo. Huyu mwenye cheo amepita hivi hivi, kana kwamba cheo ni ushahidi.

Limebaki upande ambao maandishi yote yaliyotajwa yameugusa kwa ncha ya kidole. Ngazi ya nthele na mutumia ni ya wanaume. Mwanamke wa Ukambani alipewa njia nyingine, na haikuwa fupi. Kuolewa kulimpa nyumba lakini si ardhi; kuzaa kulimpa jina lakini, kama tulivyoona kwa baba, lilikuwa jina la mwingine. Asiyejaliwa mwana wa kiume aliweza kuoa mke, anayeitwa iweto, ili watoto wa huyo wahesabiwe kuwa wa nyumba yake. Wageni waliposikia habari hii walishangaa au walicheka, na wengine wameiweka katika orodha ya mila zilizopitwa. Lakini ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa mtu aliyekataa kungoja. Akikosa kinachohitajika ili ahesabiwe mkubwa wa nyumba, alikitafuta kwa mali yake, mbele ya mashahidi, na akapata. Mwishoni mwa safari, alipokwisha kuacha kuzaa, mwanamke naye alikubaliwa penye ithembo, na sadaka ya mvua haikutimia bila ya wanawake hao wazee. Kikamba hakikumwita mwanamke mzima siku alipopata uzazi. Kilimsogeza karibu zaidi na mahali pa heshima siku uzazi ulipomwacha.

Hali ya leo ya Matinyani imeuvuruga mpangilio huo bila ya kuufuta. Ithembo nyingi ni miti tu kwa wapitao njia. Makanisa yana wazee wake, wanaochaguliwa kwa kura. Mikutano ya machifu ina utaratibu wa serikali. Ng'ombe hawamwingizi mtu nzama. Hata hivyo wanaume hurudi Desemba wakiwa na nguo mpya za watoto na hamu ya kujenga nyumba ya mawe katika shamba ambalo hati yake bado ina jina la baba, au la babu aliyefariki zamani, na nyumba hiyo hubaki bila ya paa mwaka hadi mwaka. Wanaopita huiita ya kijana wa fulani. Mwenye nyumba ana miaka arobaini na minane.

Mkewe, aliyebaki, ameamua mambo yote ya mji kwa muda wa miaka ishirini: lini kupanda kabla ya mvua, mbuzi gani auzwe kwa ajili ya karo, mtoto gani apelekwe hospitali na yupi angoje. Kikundi cha wasusi wa vyondo kimemkabidhi fedha zake kwa kuwa hapotezi hata senti. Lakini akija mchuuzi kuulizia dume alilolinunua yeye mwenyewe kwa mapato ya vyondo, atajibu kwamba ni lazima mwenyewe aje. Mwenyewe akirudi Desemba na kuulizwa, atasema kwamba shauri hilo litabidi apelekewe mzee.